Mizani

Mshale uliruka mia, ukatetemeka, ukatulia kwenye mia na kumi na tisa.
Nesi wa zamu akaitaja namba kwa sauti ya mnadani,
wodi nzima ikanigeukia,
hata yule bwana aliyeleta chupa ya chai akaitazama dari.

Mimi nauza mitumba Memorial. Mtu namjua kwa kumtupia jicho:
wewe dada ni kumi na mbili, kaka kiuno thelathini na nne,
mama, hiyo itakubana kwapani, ngoja nikuchagulie nyingine.
Sijawahi kumtangaza mteja.

Siku ya pili baada ya kisu. Gauni la hospitali halifungi mgongoni,
mkanda wa presha unafyatuka mkononi kama kifungo kilichochoka.
Mtoto analia. Maziwa hayaji.
"Kifua chote hicho," anasema mmoja, "na hamna kitu?"
Mwingine anaandika neno kwenye faili. Nalisoma juu chini,
sisi wa mitumba tunasoma lebo hata ikigeuzwa:
UNENE.
Chini yake: kopo.

Mama mkwe ameshuka kutoka Kibosho na mtori kwenye hotipoti.
"Kula, Aikunda. Kwetu mzazi hapunguzwi, mzazi hunenepeshwa,
miezi mitatu hushiki jembe wala ndoo."
Hajafika getini, daktari: "Mama, punguza kula."
Nimebaki na kijiko hewani,
mtori unaganda.

Usiku nikahesabu. Kidato cha pili Mwalimu Kisamo alitufundisha mizani,
akigonga meza: nane, kituo, nane.
Mstari ukizidi silabi moja, kalamu nyekundu.
Nikahesabu kilio cha mwanangu: nane, kituo, nane.

Saa tisa akaja Nakijwa, mkunga, Mpare wa Usangi,
viatu amevikanyaga visigino.
Hakuuliza kilo. Aliuliza, "Umelala?"

Siku mbili, hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Akavuta pazia. Akaivingirisha khanga yangu ikawa ngata,
akaisukuma chini ya ziwa, uzito wake ukapata pa kukaa.
Mtoto hakumlaza tumboni juu ya mshono; alimpitisha ubavuni,
miguu nyuma, kichwa kiganjani mwangu,
kama ninavyobana furushi kwapani alfajiri, marobota yakifunguliwa.
"Ziwa kubwa linataka mkono wa ziada, basi.
Na maziwa yako yamechelewa, hayajakataa.
Aliyepasuliwa huchelewa. Mwenye mwili mkubwa naye, mara nyingine.
Tutayaita."

Vidole viwili, nyuma ya weusi wa chuchu, polepole,
kama anayetafuta sarafu iliyoshonewa kwenye pindo.
Tone. La manjano, zito.
Akalikinga kwa kijiko kilekile cha mtori, alichokwisha kukichemsha.
La pili. La tano. Kwenye la sita nikapoteza hesabu
kwa sababu mtoto aliramba, akanyamaza, akaupanua mdomo
kupita nilivyodhani kidomo kile kingeweza kupanuka, na akashika, akaachia, akashika tena, akavuta mpaka nikahisi mgongoni —

mwalimu, mstari huu umezidi. Uache.

Sitadanganya: kopo tulilitumia siku mbili zaidi.
Na nesi wa zamu alipokuja asubuhi na mzani wake
niliangalia ukutani, sikuwa na jibu kali.
Jibu lilikuwa limelala mkononi mwangu,
shavu limepakaa njano.

Mwaka wa pili sasa. Jana alisimama mezani kwangu mama mmoja, mnene,
kitoto mgongoni, wiki tatu hivi,
anapekua sidiria, anarudisha, anapekua, hathubutu kutaja saizi.
Nikamtupia jicho. Namba ilikuja yenyewe; nikaimeza.
Nikazamisha mkono chini kabisa ya robota
nikatoa pana, yenye kufunguka mbele,
nikamvutia kigoda nyuma ya turubai,
nikavua khanga yangu na kuanza kuivingirisha.

"Mwenzangu," nikamwambia, "umelala?"